Kutoka sungura wa 1890 hadi Korogwe na Handeni: mwili wa mama una kazi gani?

Muulize mfugaji mzoefu wa sungura ni lini jike apelekwe kwa dume. Hatakujibu kwa umri peke yake, atakwambia umpime kwanza. Jike akipandishwa kabla hajafikia kama robo tatu ya uzito wa utu uzima, mara nyingi anazaa watoto wachache na wadogo, na maziwa hayatoshi. Akinenepa kupita kiasi nako shida, mimba inashika kwa kusuasua. Sasa jiulize: tulijuaje kwamba hayo yanatokana na mwili wa mama, na si urithi tu?

Turudi Uingereza, mwaka 1890. Walter Heape alichukua viinitete viwili vya sungura aina ya Angora, akavipandikiza kwa jike wa aina ya Belgian Hare aliyekuwa tayari amepandishwa na dume wa aina yake. Jike yule akazaa watoto sita: wanne Belgian Hare, wawili Angora kabisa, manyoya marefu na yote. Maana yake mama aliyebeba hakubadilisha aina ya mtoto. Ungeweza kudhani tumbo ni nyumba ya kupanga tu.

Mwaka 1938 Arthur Walton na John Hammond wa Cambridge wakaonyesha upande wa pili. Walichanganya farasi wakubwa wa Shire na wadogo wa Shetland, kwa njia ya uhimilishaji. Urithi ulikuwa ule ule, nusu kwa nusu, ila mama alibadilishwa. Mtoto wa mama Shire alizaliwa na uzito wa karibu mara tatu ya yule wa mama Shetland, na tofauti ya umbo haikuisha hata walipokua. Mwaka 1950 Olle Venge alichapisha kazi yake ya kuhamisha mayai kati ya sungura wa aina kubwa na ndogo. Hapo pia mwili wa jike aliyebeba ulichangia uzito wa kuzaliwa.

Kwa binadamu huwezi kufanya majaribio ya namna hiyo, kwa hiyo watafiti wakageukia kumbukumbu. David Barker na wenzake walipata madaftari ya zamani ya Hertfordshire yenye uzito wa watoto waliozaliwa kuanzia 1911 hadi 1930. Mwaka 1989 walitangaza kwamba wanaume waliokuwa wepesi utotoni ndio waliokufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo. Kama ni hivyo, afya ya mzee wa miaka 60 inaanza kujengwa tumboni.

Hapo ndipo Tanga inaingia. Kati ya 2014 na 2016, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) pamoja na Chuo Kikuu cha Copenhagen waliandikisha wanawake 1,415 wa Korogwe na Handeni kabla hawajashika mimba. Waliwapima uzito, urefu na damu, na waliopata ujauzito wakafuatiliwa kwa altrasaundi. Tafiti nyingi huwa zinaanzia kliniki, mimba ikiwa tayari na miezi kadhaa. Hapa walianza mapema, na wakakuta zaidi ya theluthi moja ya wanawake wana upungufu wa damu hata kabla ya mimba.

Tafakari hilo kidogo. Kondo la nyuma hujengwa wiki za mwanzo, wakati mama wengi hawajajua hata kama ni wajawazito. Vidonge vya madini chuma anavyopewa mwezi wa tano vinasaidia, lakini kuna kazi imeshafanyika bila hivyo.

Mfugaji anampima jike kabla ya kumpeleka kwa dume. Binti wa Handeni, kwa kawaida, mizani ya kliniki anaipanda akiwa tayari ana mimba. Ukiwa na dada au mke anayepanga kupata mtoto, mwambie akapime damu na uzito sasa hivi, asisubiri kadi ya kliniki.