Masasi na Newala: Maji Chini, Usalama Juu

Kila Desemba, shule zikishafungwa na fedha za korosho zikianza kuingia mikononi mwa wakulima, mabasi ya kusini hujaa familia zinazorudi nyumbani. Wazazi wanaofanya kazi Dar es Salaam au Dodoma huwapeleka watoto wakawaone babu na bibi huko Masasi, Chiwata, Newala na Tandahimba. Watoto hao hula ming'oko, hunyonya mabibo, hulala chumba kimoja na binamu zao, na mapema sana hugundua tofauti ya nyumba mbili. Kwa babu wa Masasi upeo wa macho umezibwa na milima ya mawe. Kwa bibi wa Newala upepo wa jioni una baridi, macho yanafika mbali hadi bonde la Ruvuma, na hakuna anayethubutu kumwaga maji ovyo.

Tofauti hiyo ndiyo historia ya eneo zima. Kwa zaidi ya karne moja watu wa hapa walitafuta vitu viwili ambavyo ardhi yao haikuviweka pamoja: maji yalikuwa chini, usalama ulikuwa juu.

Uwanda wa Makonde umeinuka upande wa magharibi, Newala ikiwa ukingoni kabisa, kisha unateremka taratibu kuelekea Bahari ya Hindi. Mvua hunyesha, lakini udongo wake wa kichanga huyanywa maji yote, nayo hupenya hadi chini na kutokea mabondeni, kwenye chemchemi za miguuni mwa uwanda. Juu hakuna mito. Hata hivyo Wamakonde walijenga juu, ndani ya vichaka vizito ambavyo mgeni asiyejua njia hakuweza kuvipenya. Katika karne ya 19, misafara ya watumwa ilipokuwa ikipita kuelekea Lindi, Mikindani na Kilwa, kichaka kilikuwa ukuta. Mama aliyeamka usiku kwenda kuteka maji bondeni alikuwa akilipa gharama ya usalama wa wanawe.

Masasi ilianza kwa njia nyingine. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, aliondoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakapitia Lindi na kushika njia ya bara. Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa limefungwa miaka mitatu tu kabla, na wengi wa watu hao walikuwa wameporwa utotoni katika nchi za Ziwa Nyasa na Ruvuma. Nia ilikuwa kusonga mbele kuelekea ziwani. Walipofika Masasi, penye ardhi nzuri na maji chini ya milima, wakakaa. Steere akarudi Zanzibar, na mwaka uliofuata Chauncy Maples akaja kuiongoza misheni. Kwa hiyo kijiji kilichokuja kuwa kiini cha mji kilijengwa na watu walionyang'anywa kwao, wakapewa pa kuanzia upya na wenyeji wa nchi hii, Wamakua na Wayao.

Lakini Masasi ilikuwa wazi. Septemba 1882 Wangoni, waliojulikana wakati huo kwa jina la Magwangwara, waliivamia. Watu waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka, na waliokuwa wamevunja minyororo mara moja wakajikuta wamefungwa tena. Misheni ikapanda mlima. Huko Newala walipokelewa na Matola, mtawala aliyekuwa na sifa ya busara, na kituo kikahamia kwake. Hapo wakimbizi wa bondeni walipata hifadhi ya uwanda, na pamoja na hifadhi wakapata kiu yake. Hali ilipotulia, misheni ikarejea Masasi.

Katika miaka hiyohiyo alikuja Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa Zanzibar na Uingereza. Kuanzia 1886 alihudumu Chitangali, nchi ya mtawala Nakaam, na mwaka 1890 akapewa daraja la upadri, Mwafrika wa kwanza wa UMCA kufikia hapo. Wazungu wengi wa misheni waliugua na kuondoka. Yeye aliishi na familia yake kijijini kwa zaidi ya miaka 10, akifundisha kwa lugha ya watu wake. Mtoto anayeletwa likizo Chiwata au Chitangali anastahili kulisikia jina hili kabla ya majina ya maaskofu kutoka ng'ambo.

Mwaka 1905 moto wa vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani ulifika. Misheni ya Masasi ilichomwa, na vituo vya Wabenediktini, wamisionari Wakatoliki, huko Lukuledi na Nyangao vikaangamizwa. Watu wa nchi hii walikuwa wamechoka na kodi, kazi za lazima na viboko vya Wajerumani. Hasira yao ilikuwa na sababu. Mwaka 1906 Wabenediktini walianza upya Ndanda, chini ya ukingo wa uwanda, mahali penye maji yanayotoka mlimani mwaka mzima. Shule na hospitali zilizokua hapo zilihitaji chemchemi hiyo tangu siku ya kwanza.

Mwaka huohuo alifika mgeni wa aina nyingine, Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig. Alikaa Masasi, Chingulungulu, kisha Newala, akirekodi nyimbo kwa fonografia, akipiga picha na kukusanya vinyago na vyombo. Kitabu chake kilitoka Ujerumani mwaka 1908. Kina dharau ya kikoloni ambayo hatuna haja ya kuivumilia, lakini kinahifadhi pia mambo ambayo wajukuu wangeweza kuyasahau, likiwemo hili la maji: mteremko mkali wa Newala na akina mama wanaoupanda na vyungu kichwani. Vitu alivyochukua vilibaki Ulaya. Jasho alilolishuhudia lilibaki hapa kwa miaka mingine 50.

Miaka ya 1950 ndipo maji yalipoanza kupanda. Mradi wa Maji wa Makonde ulisukuma maji kwa mashine kutoka mabondeni, Mitema ikiwa chanzo kikuu, hadi kwenye matangi ya juu, kisha mabomba yakayagawa kwa vijiji. Mradi huo umepita vipindi vya nguvu na vya kuzorota, kwa kuwa kusukuma maji mamia ya mita kunahitaji nishati na matengenezo yasiyokoma. Ndiyo maana nyumba nyingi za uwandani bado zina visima vya saruji vya kuvunia maji ya paa, na bibi bado hufunika ndoo.

Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza Septemba 1964, uwanda ulitimiza tena kazi yake ya zamani. Watu walivuka Ruvuma, wengi wao Wamakonde wenye ndugu upande huu, wakapokelewa majumbani. Leo mto uleule unavukwa kwa Daraja la Umoja, lenye urefu wa mita 720, huko Mtambaswala, lililozinduliwa mwaka 2010.

Daraja jingine limebadilisha likizo zenyewe. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari ya kutoka Dar es Salaam ilitegemea kivuko cha Rufiji, na wakati wa masika msafiri hakuwa na uhakika wa siku ya kufika. Wengi waliacha kurudi, na watoto wao wakakua bila kuwajua mababu. Rais Benjamin Mkapa, ambaye daraja hilo lina jina lake, alizaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938, na Julai 2020 akazikwa hukohuko Lupaso.

Barabara imerahisisha safari, ila haifundishi historia. Kazi hiyo ni ya wazazi. Mkiwa Newala, wapelekeni watoto Shimo la Mungu ukingoni mwa uwanda, waone mteremko na waambiwe nani aliupanda na ndoo kila siku. Mkiwa Masasi, fikeni Mtandi, penye kanisa kuu la Kianglikana, muwasimulie habari za walioanza kijiji wakiwa hawana kwao. Mkipita Ndanda, waguse maji yanayotoka mlimani. Kisha waacheni bibi na babu waongee, maana koo nyingi za hapa zina masimulizi yao ya kukimbia, kupokelewa na kupokea wengine. Mjukuu anayeyajua hayo atawakaribisha wageni wake kwa heshima ileile waliyopewa wazee wake, popote atakapojenga nyumba yake.