Karatasi ndiyo inakumbuka ukoo

Leo swali moja: babu wa babu yako aliitwa nani? Kama umenyamaza, usione haya. Hata George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alishindwa.

Mtaalamu wa koo wa kule London, Isaac Heard, alimwuliza asili ya familia yake. Mwaka 1792 Washington akajibu kwamba mambo hayo hakuyafuatilia sana. Alijua tu kwamba mababu walitoka Uingereza, upande wa kaskazini labda, wakafika Virginia karibu mwaka 1657. Vizazi vitatu tu, na habari imeshapotea!

Heard akatunga ukoo, lakini akakosea: alikamata watu wengine wenye majina yaleyale. Ilibaki vile mpaka 1889, Henry Waters, Mmarekani, alipofukua wasia na karatasi za tribinali kule Uingereza. Kumbe baba wa John Washington, yule aliyehamia Virginia, alikuwa Lawrence, pasta wa Purleigh katika Essex, aliyefukuzwa parokiani mwaka 1643 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. John alifika na meli ya biashara, meli ikakwama mtoni Potomac, yeye akabaki, akaoa Anne Pope, na baba mkwe akawapa shamba.

Sasa, mbona Waters alifaulu? Sababu ile familia ilikuwa na mali, na mali inazaa karatasi: wasia, hati ya shamba, kesi.

Lakini pale Mount Vernon, kwa Washington mwenyewe, mwaka 1799 kulikuwa na watumwa 317. Aliwaandika kwenye orodha, wengi jina moja tu na kazi yao. Hesabu ya watu ya Marekani ya 1850 na ya 1860 iliwaandika watumwa kwa umri na jinsia, chini ya jina la bwana wao. Ni 1870 tu ndipo wajukuu wao wakaandikwa wote kwa majina. Wengi wanaotafuta ukoo leo wanagonga ukuta palepale. Na kati ya mababu zao kuna waliotolewa huku kwetu, Kongo na Angola.

Basi tusiseme fulani hana historia. Tuulize: nani alimwandika?

Simu tuko nazo mfukoni. Likizo hii, kaa na bibi, mwulize majina na vijiji, andika. Usingojee kilio ndipo uanze kuuliza.