Mkonge katika uchumi wa Tanzania

Mkonge ni zao la nyuzi lililolimwa hasa Tanga na Morogoro, na kwa miongo kadhaa ndilo lililoiingizia Tanganyika fedha nyingi za kigeni. Jani lake karibu lote ni maji na makapi. Katani, yaani nyuzi zenyewe, ni asilimia chache tu ya uzito. Ndiyo maana tija ya shamba la mkonge haipimwi kwa udongo peke yake, bali pia kwa korona (mashine ya kutenganisha nyuzi na makapi) na reli ya kusombea majani kabla hayajakauka.

Kuingia nchini
Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893. Iliyofika hai ni 62.

Kustawi
Japani ilipoiteka Ufilipino mwaka 1942 katika Vita vya Pili vya Dunia, mataifa Washirika yalikosa katani ya Manila na macho yote yakageukia Tanganyika. Vita vya Korea vilipandisha bei tena. Wakati wa uhuru mwaka 1961 mkonge uliongoza mauzo ya nje, na mwaka 1964 uzalishaji ulizidi tani 200,000. Kituo cha utafiti cha Mlingano kilitoa aina chotara maarufu ya 11648, inayozaa majani mengi zaidi kabla ya kutoa mlingoti (shina la maua).

Mafanikio hayo yalibebwa na manamba, vibarua waliotolewa Kigoma, Ruanda-Urundi, Msumbiji na kwingineko, wakalipwa ujira duni kwa kazi ngumu ya kukata majani yenye miiba. Sehemu kubwa ya katani iliuzwa nje ikiwa ghafi, ikasokotwa kamba ng'ambo. Tani ziliongezeka, ila thamani ya usokotaji ilibaki huko.

Kuporomoka
Bei ilianza kushuka katikati ya miaka ya 1960, na kamba za plastiki zikazidi kulibana soko. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilitaifisha mashamba mengi. Kulaumu utaifishaji peke yake ni kurahisisha mno: mkonge huchukua miaka kama mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza, hivyo shamba lisilopandwa upya wakati wa bei mbaya huonyesha hasara baadaye, hata bei ikipanda. Shilingi iliyokadiriwa juu kuliko thamani yake halisi nayo ilimpunja kila aliyeuza nje. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa karibu tani 20,000.

Hali ya sasa
Brazili ndiyo inayoongoza duniani. Tanzania imeanza kuwashirikisha wakulima wadogo kupitia vyama vya ushirika.