Inchi Moja Chini ya Boneti ya Mustang

Wakuu, leo tuache stori za injini kidogo.

Mwaka jana mjomba alinipa Toyota Crown yake ya 1969. Na mimi, kama kijana yeyote mwenye gari ya zamani na kamera, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuifunga rimu pana na tairi nene mbele. Picha zilitoka moto. Nikaipeleka alaimenti, fundi akafungua kitabu cha gari na kupanga kila namba vile kiwanda kilisema. Siku mbili baadaye, nikiteremka Mai Mahiu, gari ikaanza kufuata mifereji ambayo malori yamechimba kwenye lami. Navuta kushoto, yenyewe inataka kulia. Kona moja ikanitoa kwenye laini yangu, lori likiwa linapanda mbele yangu. Nilisimama kando ya barabara mikono ikitetemeka, na hata sikukumbuka kurekodi.

Fundi mmoja mzee wa Grogan ndiye alinimaliza na swali moja: "Kijana, hizi namba zilikuwa za tairi gani?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kusoma, na gari iliyonijibu vizuri kuliko zote ni Ford Mustang.

Mustang ilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 kwenye maonyesho ya dunia kule New York, bei ikianzia dola 2,368. Iliwezekana kuuzwa bei hiyo kwa sababu chini ya mwili ule mzuri ilikuwa Falcon, gari ya familia ya kubana pesa. (Ndugu mwingine wa ukoo huo, Mercury Comet, aliletwa huku kwetu mwaka huo huo kushindana kwenye Safari Rally. Aliyeshinda ni Peter Hughes na Ford Cortina ndogo. Tuache hiyo.) Tairi za Mustang ya kawaida zilikuwa saizi ya 6.50-13. Ukiziona leo utadhani ni za mkokoteni.

Tena zilikuwa za muundo wa kale, ule ambao nyuzi za ndani zinakatana mshazari. Mainjinia walipanga sehemu ya mbele kulingana na tairi hiyo. Juu ya tairi kuliinamia nje kidogo. Ule mhimili ambao tairi inageukia usukani ukikatwa, ambao mwinamo wake mafundi wanauita kasta, ulikuwa karibu wima. Tazama foki ya boda boda: imelala nyuma, ndiyo maana pikipiki inajinyoosha yenyewe ikienda. Ukiisimamisha wima, usukani unakuwa mwepesi lakini gari inasahau njia. Kwa mtu anayepaki bila usukani wa pawa, wepesi huo ulikuwa ni huduma kwa mteja.

Sasa shida iko kwenye kona. Gari ikilala, tairi ya nje, ile inayobeba mzigo wote, inalala nayo na kukanyaga kwa bega lake. Tairi nyembamba haipotezi mengi hapo. Tairi pana inapoteza sana, kwa sababu ukingo wa ndani unapunguza kugusa lami, na ule upana wote ulioulipia hauna kazi. Yaani umenunua shamba ekari mbili na unalima moja.

Klaus Arning, injinia wa Ford, alikuwa na dawa yake. Mkono wa juu wa saspensheni ya Mustang umefungwa kwa bolti kwenye mnara wa chuma ulio pembeni ya injini. Toboa mashimo mapya inchi moja chini, hamisha mkono, basi. Springi ikibanwa kwenye kona, tairi ya nje inavutwa juu yake kuelekea ndani, inabaki imekanyaga vizuri. Na pua ya gari inashuka kidogo, jambo ambalo hakuna kijana atalikataa. Mashimo mawili kila upande na drili! Lakini Mustang ya kawaida iliendelea kutoka kiwandani na mashimo ya juu, na ndani ya miaka miwili ya kwanza zaidi ya milioni moja ziliuzwa.

Carroll Shelby ndiye aliyetoboa. Kwa GT350 ya 1965 alipokea Mustang nyeupe kutoka kiwanda cha Ford cha San Jose, California, akashusha ile mikono, akafunga tairi za Goodyear za rimu ya inchi 15, akafupisha mizunguko ya usukani. Watu wanaimba tu nguvu farasi 306. Hebu niulize: Ken Miles aliposhinda mbio ya kwanza ya gari hiyo kule Green Valley, Texas, Februari 1965, alishinda kwenye kona au kwenye mstari ulionyooka tu?

Halafu inakuja sehemu inayoniuma. GT350 za mwanzo za 1966, kama mia mbili na hamsini hivi, zina mikono iliyoshushwa. Zilizofuata hazina. Waliondoa ili kupunguza gharama. Jina ni lile lile, mistari ni ile ile, na mnunuzi akasimama pale akitazama rangi. Mimi nikiwa mmoja wa hao wanunuzi wa macho, siwezi kucheka sana.

Miaka mitatu baadaye Ford walijifunza kwa njia ngumu. Mustang Boss 302 ya 1969 ilitengenezwa kushindana na Camaro Z/28, na ilipewa tairi za F60-15 kwenye rimu za upana wa inchi saba. Hiyo 60 inamaanisha kimo cha tairi ni asilimia 60 ya upana wake, kitu kipana kweli kwa siku hizo. Kwenye majaribio, ile minara ya chuma ilianza kupasuka. Tairi zilishika lami sana hadi mwili wa gari ukashindwa kuvumilia. Ikabidi minara iongezwe chuma na madigadi ya mbele yarekebishwe tairi zipate nafasi. Kwa hiyo mtu akikuambia tairi pana ni pambo, mwambie zilipasua Mustang.

Kingine kilichobadilika ni tairi zenyewe. Michelin walianza kuuza radiali mwaka 1949, lakini Wamarekani walichelewa kuzikubali; Lincoln Continental Mark III ndiyo iliyozifanya za kawaida mwaka 1970. Radiali ina ubavu laini na uso mgumu, na inataka mpangilio wa kinyume: juu kuinamie ndani kidogo, kama nusu digrii, na kasta ilale nyuma digrii mbili au tatu. Kwa hiyo mtu akifunga radiali za 225 kwenye Mustang ya 1965 na kuipanga kwa karatasi ya 1965, anafanya makosa yangu ya Mai Mahiu kwa bei ya dola. Na hapo bado hajakata usukani hadi mwisho, gari ikiwa imebonyea, aone kama tairi inakwaruza madigadi kwa nje au inagusa saspensheni kwa ndani.

Wapo wazee wa kuhifadhi magari wanaosema ukitoboa mashimo hayo umeua historia ya gari. Nawaelewa, shimo halirudi. Mustang yenye injini yake ya asili na makaratasi kamili mimi mwenyewe singeigusa. Ningeirudishia tairi nyembamba na kuiendesha polepole. Lakini zile laki nyingi za kawaida? Toboa. Mashimo hayo yalichorwa na injinia wa Ford mwenyewe enzi hizo hizo.

Crown yangu haina haja ya drili. Yule mzee alipanga upya vipande vyembamba vya chuma kwenye mikono ya juu, akalaza kasta nyuma, akaniambia nirudi na tairi za saizi ya chini kidogo mbele. Nimerudi Mai Mahiu mara mbili, haifuati mifereji tena. Mjomba alipoijaribu alilalamika kwamba usukani umekuwa mzito, akauliza rimu zake za zamani ziko wapi. Ziko stoo. Amesema nisiziuze.