Uchunguzi wa betri za lithi kwa resonansi ya sumaku

Uchunguzi wa betri za lithi kwa resonansi ya sumaku ni njia ya kutazama yanayotokea ndani ya betri ya ioni za lithi wakati inapochajiwa au inapotoa umeme, bila kuifungua. Njia hii hutumia kanuni ileile ya mashine za hospitali zinazopiga picha za ubongo na viungo vingine. Hata hivyo, mashine za hospitali hufuatilia haidrojeni iliyomo mwilini, ilhali hapa hufuatiliwa hasa atomi za lithi. Faida yake kubwa ni kutambua vinyuzi vya metali ya lithi vinavyoweza kuota ndani ya betri na kusababisha shoti na moto.

Muundo wa betri

Betri za ioni za lithi zilianza kuuzwa na kampuni ya Sony ya Japani mwaka 1991. Leo zinatumika katika simu, kompyuta za mkononi, pikipiki na magari ya umeme. Kila betri ina elektrodi mbili. Elektrodi hasi kwa kawaida ni grafiti iliyopakwa juu ya karatasi nyembamba ya shaba. Elektrodi chanya mara nyingi ni oksidi yenye kobalti, nikeli au manganisi, iliyopakwa juu ya karatasi ya alumini. Kati yake kuna utando wenye vitundu vidogo, uliolowa kiowevu kinachopitisha ioni, yaani elektroliti.

Wakati wa kuchaji, ioni za lithi hutoka elektrodi chanya na kujipenyeza kati ya matabaka ya grafiti. Betri inapotumika, ioni hizo hurudi zilikotoka.

Sababu ya kutofungua betri

Betri iliyochakaa inaweza kufunguliwa maabara na vipande vyake kuchunguzwa. Lakini lithi humenyuka upesi ikikutana na unyevu wa hewa, na baadhi ya mabadiliko hayadumu baada ya umeme kukatwa. Mfano ni elektrodi za silikoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na kundi la mwanakemia Mwingereza Clare Grey ulionyesha kwamba silikoni iliyojaa lithi humenyuka yenyewe na elektroliti na kupoteza chaji. Hali hiyo ilionekana kwa sababu betri ilipimwa ikiwa kazini.

Kanuni ya kisayansi

Viini vya atomi kadhaa vina tabia ya sumaku ndogo. Vikiwekwa ndani ya uga sumaku wenye nguvu, hupokea mawimbi ya redio ya masafa maalumu na kisha kutoa ishara yao wenyewe. Jambo hili lilithibitishwa mwaka 1946 na makundi mawili nchini Marekani, moja la Felix Bloch na jingine la Edward Purcell. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1952.

Lithi ya asili ina isotopi mbili, lithi-6 na lithi-7. Lithi-7 ni zaidi ya asilimia 92 ya lithi yote, na ishara yake ni rahisi kuipata. Katika uga wa tesla 9.4, masafa yake ni takriban megahezi 155.

Masafa hayo hubadilika kidogo kulingana na mahali atomi ilipo. Ioni za lithi katika elektroliti huwa karibu na sifuri ya kipimo. Katika grafiti iliyojaa lithi, ishara husogea takriban sehemu 45 kwa milioni. Katika metali ya lithi husogea takriban sehemu 250 kwa milioni, kwa sababu elektroni huru za metali huongeza uga unaohisiwa na kiini. Kwa hiyo mtafiti hutambua lithi iko katika hali gani kwa kutazama mahali ishara inapotokea.

Namna ya kupima

Mawimbi ya redio hayapenyi ganda la chuma. Kwa hiyo watafiti hutengeneza betri ndogo yenye mfuko wa plastiki, wakaizungushia koili ya waya na kuiweka ndani ya sumaku. Nyaya za kuchaji hupitishwa kwenye vichujio ili zisilete kelele za umeme. Kisha vipimo huchukuliwa mfululizo huku betri ikichajiwa na kutumika.

Vinyuzi vya lithi

Betri ikichajiwa kwa kasi mno, au kwenye baridi kali, ioni huweza kufika kwenye grafiti upesi kuliko inavyoweza kuzipokea. Nyingine hubaki juu yake zikawa metali. Metali hiyo ikiota kama vinyuzi, inaweza kutoboa utando na kugusa upande wa pili.

Mawimbi ya redio huingia ndani ya metali ya lithi kwa maikromita 10 hivi tu. Katika kipande kinene huonekana ngozi ya juu peke yake, lakini kinyuzi chembamba huonekana chote. Kwa sababu hiyo ishara ya metali huongezeka vinyuzi vinapoota. Mwaka 2010 kundi la Grey lilitumia jambo hili kupima kiasi cha vinyuzi katika betri iliyo kazini. Mwaka 2012 Grey, Alexej Jerschow wa Chuo Kikuu cha New York na wenzao walichapisha picha zilizoonyesha pia mahali vilipo.

Mipaka ya njia hii

Kobalti, nikeli na manganisi mara nyingi huwa na elektroni zisizo na wenza. Hizo hutawanya ishara, hivyo elektrodi chanya ni ngumu kusomeka. Tena, betri za kawaida zina karatasi za metali zinazozuia mawimbi. Mwaka 2018 kundi la Jerschow lilionyesha njia nyingine: kupima maji yaliyowekwa kandokando ya betri. Badiliko dogo la uga sumaku katika maji hayo hueleza kiwango cha chaji na kasoro zilizomo ndani, bila mawimbi kulazimika kupenya betri yenyewe.