Makerere ilianza na randa

Nimekuwa kimya kwa siku nyingi, wasomaji wangu mnisamehe. Kazi ya gazeti mnaijua: asubuhi uko kwenye mkutano wa waziri, mchana uko mahakamani, jioni mhariri anataka habari ya tatu ambayo hukuahidi. Ukifika nyumbani hata hamu ya kuandika cha kwako inakuwa imekwisha. Lakini kuna simu niliyopigiwa ambayo imenifanya nikae chini.

Ilitoka kwa mama mdogo, Morogoro. Nilipompa shikamoo aliipokea harakaharaka, nikajua kuna jambo. Mwanawe wa pili amefaulu darasa la saba na amepangiwa sekondari yenye mkondo wa amali, fani ya useremala. "Mwanangu," akasema, "wewe uko gazetini, unajuana na wakubwa. Hebu nisaidie mtoto ahamishwe. Ana alama nzuri, kwa nini wanampeleka kwa walioshindwa?"

Nilimjibu kwamba huo mkondo umo kwenye sera mpya, ile ya mwaka 2014 toleo la 2023, kwamba mtoto atasoma hisabati na Kiingereza kama wenzake huku akijifunza ufundi palepale shuleni, na kwamba mlango wa chuo kikuu haujafungwa. Hakuniamini. Nikamtupia hoja ambayo niliiona ni nzito: mama, hata Makerere ilianza kwa useremala. Akacheka, akadhani namtania.

Basi ndiyo nimeamua kuieleza vizuri hapa, maana nimegundua kwamba si yeye peke yake asiyejua. Hata mimi nimemaliza chuo kikuu bila mtu kuniambia.

Januari 1922 serikali ya kikoloni ya Uganda ilifungua shule ya ufundi juu ya kilima cha Makerere, Kampala. Waliingia wanafunzi 14, wote wavulana, wote wa kutwa. Masomo yalikuwa matatu: useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Hapakuwa na falsafa wala sheria. Serikali ilikuwa na barabara za kujenga, nyumba za maofisa za kuezeka na magari ya kutengeneza, ikataka mafundi wa hapahapa. Muda si mrefu pakaongezwa mafunzo ya utabibu, kilimo, mifugo na ualimu, na jina likabadilika kuwa chuo. Miaka ya 1930 pakawa na madarasa ya kuwaandaa vijana kwa mtihani wa Cambridge, yaani sekondari kamili.

Hapo ndipo mahali ninapotaka msomaji asimame kidogo. Kwa miaka kadhaa kilima kimoja kilikuwa na ngazi zote kwa pamoja. Kijana wa sekondari, kijana wa ualimu na kijana anayejiandaa kwenda kuwa tabibu Mulago walikuwa chini ya mkuu mmoja, Douglas Tomblings, wakipanda njia moja. Kile ambacho leo wataalamu wanakiita jambo jipya, kuweka sekondari, ufundi na chuo ndani ya uzio mmoja, kilikuwepo Afrika Mashariki kabla babu zetu wengi hawajaoa.

Ila useremala haukukaa sana. Mwaka 1928 mafunzo ya ufundi yalitengwa yakawa shule yake, chini huko upande wa Mulago. Miaka sita tu! Wale walioanzisha ndio wa kwanza kuondoka. Baadaye shule hiyo ikahamia Kyambogo, mashariki mwa mji, ikabadilishwa majina mara kadhaa mpaka ikaitwa Uganda Polytechnic Kyambogo.

Kilimani nako watu walizidi kupanda juu. Mwaka 1937 ikaja tume ya Earl De La Warr kuangalia elimu ya juu Afrika Mashariki, ikapendekeza Makerere iwe chuo cha juu kwa ajili ya nchi zote za huku. Novemba 1938 likawekwa jiwe la msingi la jengo kuu, lile jeupe lenye mnara wa saa ambalo liliungua Septemba 2020 na watu wakalia kama wamefiwa, kisha likajengwa upya. Sekondari nayo ikaachwa kwa shule nyingine kama Budo. Vijana wa Tanganyika walikuwa wanatoka Tabora na kwingineko wanakwenda huko kwa sababu kwetu hapakuwa na chuo cha namna hiyo. Julius Nyerere alikuwa mmojawao, 1943 hadi 1945, akisomea ualimu.

Mwaka huohuo wa 1945 waliingia wanawake sita wa kwanza. Kaulimbiu ya chuo ilikuwa inasema "tuwe wanaume", kwa hiyo ikabidi itafutwe nyingine, ikawa ya kujenga kwa ajili ya siku zijazo. Mimi kaulimbiu hiyo mpya hunichekesha kidogo: chuo kilichowaondoa wajenzi kinajisifu kwa kujenga.

Sasa kwa nini waliondolewa? Wengi huishia kusema wakoloni walitudharau. Dharau ilikuwepo, lakini mambo hayakuwa mepesi hivyo. Waafrika wenyewe hawakutaka ufundi, na walikuwa na sababu.

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki ikiongozwa na Thomas Jesse Jones. Ujumbe wao ulikuwa kwamba elimu ya Mwafrika ifanane na maisha yake: kilimo, ufundi, afya, kama ilivyofanywa Hampton na Tuskegee kwa Wamarekani weusi. Maneno mazuri. Lakini mzazi wa Kampala au wa Tabora alikuwa na macho. Alimwona karani amevaa shati jeupe akilipwa mshahara wa mwezi, akamwona fundi akilipwa kibarua. Aliona pia kwamba mtoto wa mzungu hafundishwi randa shuleni, anafundishwa Kilatini. Ukimwambia mtu kama huyo kwamba randa ndiyo inayomfaa mwanawe, atakusikia unasema: kaa hapo hapo ulipo. Huko Marekani kwenyewe W.E.B. Du Bois alikuwa amebishana na Booker T. Washington wa Tuskegee juu ya jambo hilihili tangu mwanzoni mwa karne. Mama mdogo hajawahi kumsikia Du Bois, lakini kwenye simu alikuwa anasema yaleyale.

Ndani ya tume hiyo alikuwemo Mwafrika mmoja, James Aggrey wa Gold Coast, Ghana ya leo. Huyu aliporudi kwao alikuwa miongoni mwa waliosimamisha Achimota, nje kidogo ya Accra, pamoja na gavana Guggisberg na kasisi A.G. Fraser. Ilifunguliwa rasmi Januari 1927. Achimota ilikwenda mbali kuliko Makerere: ndani ya uzio mmoja palikuwa na watoto wadogo wa chekechea, shule ya msingi, sekondari, chuo cha ualimu, na baadaye masomo ya ngazi ya chuo kikuu, hata uhandisi. Wavulana na wasichana pamoja. Nembo yake ni vinubi vya piano, vyeusi na vyeupe, kutokana na mfano aliopenda kuutoa Aggrey kwamba muziki mtamu unataka vyote viwili. Yeye mwenyewe alifariki Julai 1927, hakuiona ikikua. Kwame Nkrumah alihitimu ualimu hapo mwaka 1930.

Na Achimota nayo ilikatwa vipande. Mwaka 1948 chuo kikuu cha Gold Coast kilianzia ndani ya majengo yake, kisha kikahamia kilima cha Legon. Waalimu na wahandisi wakapelekwa Kumasi, kwenye chuo cha teknolojia kilichofunguliwa 1952. Iliyobaki Achimota ni shule. Angalia tofauti: Makerere, wa chini waliondoka wa juu wakabaki, Achimota, wa juu waliondoka wa chini wakabaki. Kwa vyovyote hawakukaa pamoja.

Kilichovunja nyumba, kwa maoni yangu, ni cheti kuliko chuki. Tume ya Asquith ya mwaka 1945 ilitaka vyuo vikuu vya makoloni viwe sawa na vya Uingereza, mitihani iwe chini ya Chuo Kikuu cha London. Makerere ikaingia kwenye mpango huo mwaka 1949. Ukishafanya digrii yako ipimwe London, kila kitu kisichopimwa London kinakuwa mzigo: kinachukua vyumba, kinachukua waalimu, kinashusha jina. Hakuna mtu aliyehitaji kuwachukia mafundi. Ilitosha kuhesabu mabweni.

Nairobi mambo yalikwenda kwa njia nyingine, mwisho uleule. Chuo chao kilipata hati ya kifalme mwaka 1951 kwa jina la Royal Technical College, kikaunganishwa na chuo ambacho jamii ya Wahindi ilitaka kukijenga kwa kumbukumbu ya Gandhi, kikapokea wanafunzi 1956. Mwaka 1961 neno "Technical" likatolewa kwenye jina. Likatolewa tu, kama mtu anavyovua kofia kabla ya kuingia ndani. Sisi wa Dar hatukupitia hata huko: 1961 chuo chetu kilianza na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba. Ufundi ulikuwa na mahali pake, Dar Tech, tangu 1957.

Kitu kinachoniuma katika hadithi hii ni hesabu moja ndogo. Makerere iliyoanza na ujenzi na mitambo mwaka 1922 ilipata kitivo chake cha teknolojia mwaka 1970. Miaka 48. Kijana aliyeingia na wale 14, kama alikuwa na miaka kumi na sita, alikuwa na wajukuu siku hiyo. Na ile shule iliyotengwa 1928? Mwaka 2003 iliunganishwa na chuo cha ualimu na taasisi ya elimu maalumu vilivyokuwa jirani zake pale Kyambogo, kikawa Chuo Kikuu cha Kyambogo. Nayo ikapanda kilima chake. Kenya walifanya hivyohivyo na politekniki za Nairobi na Mombasa, vyuo vikuu kamili tangu 2013, na kwetu Mbeya Tech sasa ni chuo kikuu. Kila fundi anataka kuwa profesa, na mabomba ya maji yanaendelea kuvuja.

Kwa hiyo ninapousoma huu mkondo wa amali, swali langu kwa wakubwa si kama karakana imejengwa. Karakana hata mkoloni alijenga. Nataka kujua yule kijana wa useremala akifika kidato cha nne atapanda ngazi gani, chuo gani kitamfungulia, na je, mwalimu wa randa atakaa chumba kimoja na mwalimu wa fizikia kwa mshahara wa namna moja. Niliuliza hivyo kwenye mkutano mmoja na waandishi hivi karibuni. Nikajibiwa kwamba muda umekwisha.

Nilimpigia tena mama mdogo juzi kumsomea nilichokuwa nimeandika. Akasikiliza mpaka mwisho, kimya. Halafu akaniuliza hao vijana 14 walilipwa nini baada ya kumaliza. Nikamwambia ndilo swali lenyewe, mama. Akasema haya, mtoto ameshakwenda kuripoti, kanunua ovaroli ya bluu, kubwa makusudi, ataikulia.