Wati zinazoingia na wati zinazotoka: historia fupi ya kupima amplifaya

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na safari hii kisingizio si kazi ya programu. Nimekuwa nikijenga amplifaya ya redio ya ridhaa, yaani ile redio ya watu wenye leseni wanaowasiliana hewani kwa kupenda tu na kwa kujifunza, bila malipo. Nilipoimaliza niliipima, nikaandika programu fupi ya kupiga hesabu, nayo ikaniambia kwamba natoa wati 64. Nikamtangazia kila mtu. Kuna kijana mmoja aliyetaka kuiga kazi yangu, na yeye nikampelekea namba zote.

Kisha mzee mmoja, aliyepata leseni enzi za valvu, akaniuliza: "Kijana, na umeme unaoingia ni kiasi gani?"

Swali hilo lina historia ya zaidi ya miaka mia moja. Ngoja niwasimulie kwanza, halafu nitarudi kwenye wati zangu.

Kilowati moja ya nini?

Mwezi wa Agosti 1912, miezi minne baada ya meli ya Titanic kuzama, Marekani ilipata sheria mpya ya redio. Watu wa ridhaa walisukumwa kwenye mawimbi ya mita 200 kwenda chini, ambayo wakati huo yalionekana hayana faida, na wakawekewa kikomo cha nguvu: kilowati 1. Lakini soma vizuri. Ilikuwa kilowati 1 ya umeme unaoingia kwenye transfoma, si ya mawimbi yanayotoka kwenye antena.

Kwa nini sheria ipime mlango wa nyuma? Kwa sababu mlango wa mbele haukupimika kwa urahisi. Mitambo ya siku hizo ilirusha mawimbi kwa cheche. Umeme unaoingia ulipimwa kwa mita za kawaida, lakini mawimbi ya redio hubadilika mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, na hakuna mshale wa mita unaoweza kuyafuata. Kilichokuwepo ni mita ya waya wa moto: mkondo unapita, waya unapata joto na kurefuka, mshale unasogea. Hiyo inakupa ampea za kwenye antena. Ili upate wati, lazima uzidishe mraba wa ampea hizo kwa ukinzani wa antena, na ukinzani huo ulitegemea urefu wa waya, kimo chake na udongo ulio chini yake. Ni nani aliyeujua?

Wengine walitumia akili ya fundi. Walitoa antena, wakafunga balbu mahali pake, kisha wakawasha balbu nyingine kama hiyo kwa umeme wa nyumbani na kulinganisha mwangaza. Jicho ndilo lililokuwa mita.

Watu wa simu na desibeli

Wakati huo huo, tatizo la kuhesabu ukuzaji lilikuwa linawasumbua watu wa simu. Lee de Forest alikuwa ameunda valvu yake, Audion, mwaka 1906, na mnamo Januari 1915 laini ya simu kati ya New York na San Francisco ilifunguliwa ikisaidiwa na amplifaya za valvu njiani. Sauti inafifia kwenye waya, inakuzwa, inafifia tena, inakuzwa tena. Unahesabuje safari kama hiyo?

Mwanzoni walihesabu kwa maili: upotevu huu ni sawa na maili kadhaa za kebo ya kawaida. Mwaka 1924 kampuni za Bell zikaacha maili na kuchukua kipimo kipya: chukua uwiano wa nguvu, tafuta logi yake, zidisha kwa 10. Mwaka 1928 kipimo hicho kikapewa jina la desibeli, kwa heshima ya Alexander Graham Bell.

Uzuri wake ni kwamba kuzidisha kunageuka kuwa kujumlisha. Nguvu ikiwa mara 10 ni desibeli 10, mara 100 ni desibeli 20, mara 2 ni karibu desibeli 3. Ukiwa na amplifaya ya desibeli 13 na kebo inayopoteza desibeli 3, unabaki na 10. Lakini kumbuka jambo moja, maana ndilo lililonipiga mweleka: desibeli ni uwiano. Haikuambii una wati ngapi.

Valvu, sauti na mshale mzito

Watu wa ridhaa walipohamia kwenye valvu, desturi ya kupima kinachoingia ilibaki. Unasoma volti za valvu ya mwisho, unasoma ampea, unazidisha. Volti 2,000 kwa ampea 0.5 ni wati 1,000, na hapo ndipo kikomo cha Marekani kilipokuwa. Ukiweza kupata asilimia 70 ya wati hizo hewani, furaha ni yako. Ukipata asilimia 40, nyingine zote ni joto.

Mambo yaliharibika miaka ya 1950 mtindo wa SSB ulipoenea. Kwenye SSB nguvu hutoka unapoongea tu, na hupanda na kushuka na kila silabi. Mshale wa mita hauwezi kukimbia hivyo. Unaonyesha wastani tu. Kanuni za Marekani zikasema basi mita isiwe nzito kupita robo sekunde. Matokeo? Mshale ulisoma kilowati 1, huku vilele vya sauti vikifika kilowati 2. Ndiyo maana amplifaya kama Heathkit SB-220, iliyopendwa sana miaka ya 1970, iliuzwa kama ya wati 2,000, na wati hizo zilikuwa za kuingia, tena za kilele. Mnunuzi aliyedhani wati 2,000 zinafika kwenye antena alijidanganya.

Wakati huo njia ya kupima mlango wa mbele ilikuwa imeshapatikana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Bird ya Ohio ilitoa mita yake maarufu, Model 43, ambayo unaiweka kati ya amplifaya na antena. Mwaka 1959 Warren Bruene, mhandisi wa Collins Radio, alieleza kwenye jarida la QST mita ya namna hiyo ambayo hata mtu wa ridhaa angeweza kuijenga. Siri yake ni kuchukua sampuli mbili, moja ya volti na nyingine ya mkondo. Kwa mawimbi yanayoenda kwenye antena sampuli hizo zinajumlishwa. Kwa yanayorudi zinafutana. Hivyo unajua wati zinazokwenda na zinazorudi.

Ila mita hizi nazo usiziamini kama msahafu. Bird inaahidi kosa lisilozidi asilimia 5, lakini ni asilimia 5 ya mwisho wa kipimo. Ukitumia kipimo cha wati 1,000, kosa laweza kuwa wati 50 popote mshale ulipo. Ukisoma wati 100, ukweli unaweza kuwa 50 au 150.

Hatimaye mwaka 1983 Marekani ikageuza kanuni: kikomo kikawa wati 1,500 za kilele, zinazotoka. Si wote walioshangilia. Wapenzi wa AM, walioruhusiwa kutoa wimbi la msingi la wati kama 750, walijikuta wamebaki na 375, kwa sababu kwenye AM kilele hufika mara nne ya wimbi la msingi. Walipewa muda hadi 1990 kuzoea.

Sasa wati zangu

Amplifaya yangu ina transista mbili ndogo na inafanya kazi kwenye megahezi 7. Baada ya chujio la kuondoa masafa yasiyotakiwa, nilifunga antena bandia, yaani rezista ya omu 50 inayomeza nguvu yote. Osiloskopu ikaonyesha wimbi lenye volti 80 kutoka chini kabisa hadi juu kabisa. Programu yangu ikachukua mraba wa 80, ikagawanya kwa mara mbili ya 50. Jibu: wati 64. Redio inayoisukuma, ilipofungwa kwenye rezista hiyo hiyo, ilitoa volti 18, nayo programu ikasema wati 3.2. Ukuzaji: mara 20, desibeli 13. Kwa transista zile, desibeli 13 inaingia akilini kabisa, kwa hiyo nikaridhika.

Mzee aliponiuliza kinachoingia, nikasoma pawasaplai: volti 13.8, ampea 2.1. Hizo ni wati 29.

Wati 29 zinaingia, 64 zinatoka! Nilikuwa nimevumbua mtambo wa miujiza.

Kosa lilikuwa mstari mmoja. Ile kanuni ya kugawanya kwa mara mbili ya ukinzani hutaka volti za kilele, kutoka katikati ya wimbi hadi juu. Mimi niliipa volti za kutoka chini hadi juu, ambazo ni maradufu. Kwa hizo unagawanya kwa mara nane ya ukinzani. Ukweli ni wati 16. Na redio haikutoa 3.2 bali 0.8. Je, umeona mtego? 16 kwa 0.8 bado ni mara 20, bado ni desibeli 13. Kosa lile lile lilikuwa juu na chini ya mgawanyo, likajifuta. Ukuzaji ulikuwa sahihi huku wati zote mbili zikiwa za uongo.

Kinachonifurahisha ni kwamba kipimo kilichonifichua ni kile kikongwe cha 1912, ambacho sheria yenyewe ilishakitupa. Hakijui kinachotoka kwenye antena, lakini kinajua kisichowezekana.

Kijana yule alikuwa ameshaanza kutafuta bamba kubwa la kupoza joto na rezista za wati 100. Nilimpigia simu siku hiyo hiyo, na haikuwa simu rahisi. Kwenye programu nimeongeza mstari: inauliza kwanza volti na ampea za pawasaplai, na kinachotoka kikizidi kinachoingia, inagoma kutoa jibu.

Haya, kwaherini kwa leo. Kama nawe una mita nyumbani, soma nyuma kabla ya kusoma mbele.